Seli Hazijiui: Kwa Nini Ninalitetea Neno "Mpukutiko"



Ukurasa huu umezoea kujadili vina, mizani na asili ya maneno. Leo naomba mniruhusu nilete neno kutoka maabara, kwa sababu tafsiri yake mbaya imeleta kilio mahali ambapo hakikustahili kuwepo, na sehemu ya lawama ni yangu.

Mjukuu wangu anasomea uuguzi. Hivi karibuni alikuwa katika mafunzo kwa vitendo kwenye kliniki ya wajawazito, akapewa zamu ya kutoa somo la asubuhi kuhusu madhara ya pombe kwa mtoto aliye tumboni. Alijiandaa vizuri. Aliwaeleza akina mama kwamba pombe inapomfikia mtoto, seli changa za ubongo wake hujiua. Mama mmoja aliyeketi benchi la mbele akashika tumbo lake, akauliza, "Yaani nesi, mtoto wangu anajiua humu ndani?" Akaanza kulia. Nyuma yake wawili wakacheka, na mmoja akasema hayo ni maneno ya kutishana tu, mtoto ambaye hajazaliwa atajiuaje? Somo likavunjika hapo.

Jioni simu yangu ikaita.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imefifia?"

Akanisimulia yote, kisha akamalizia kwa swali ambalo sikuwa na pa kulikwepea: "Bibi, si wewe uliyenifundisha kwamba seli hujiua?"

Ni kweli. Nilifundisha Kiswahili na Biolojia katika shule za sekondari tangu nilipotoka chuo cha ualimu hadi nilipostaafu. Lugha rasmi ya kufundishia Biolojia ilikuwa Kiingereza, lakini kila mwalimu wa rika langu anajua kwamba wanafunzi wakikunja nyuso, mwalimu hurudisha mlango na kueleza kwa Kiswahili. Katika maelezo hayo ya mlango uliorudishwa nilizoea kusema "seli inajiua". Lilikuwa neno jepesi na lilikumbukwa. Mjukuu wangu alilisikia sebuleni kwangu siku nilipokuwa nikimsaidia kazi za shule, akalihifadhi, akaenda nalo kliniki. Kosa lililomkuta ni langu, nami naona ni wajibu wangu kulisahihisha hadharani.

Hoja yangu ni hii: Kiswahili kinalo neno bora kwa jambo hili, neno ambalo babu zetu walilitumia kwa majani ya miti. Neno hilo ni kupukutika, na jina litokanalo nalo ni mpukutiko. Lakini neno haliwezi kutetewa kabla kitu chenyewe hakijaeleweka. Basi tuanze na kitu chenyewe.

Mwili unapojijenga hauhesabu seli zake kama fundi mwashi anayehesabu matofali. Huzalisha kwa ziada, kisha hupunguza. Mkono wa mtoto aliye tumboni huanza ukiwa kama kafi la mtumbwi, na vidole hutengana kwa sababu seli zilizokuwa kati yake hufa na kuondolewa. Kuna mnyoo mdogo wa udongoni ambaye wanasayansi walifuatilia kila seli yake tangu yai hadi utu uzima. Mwili wake huzalisha seli 1,090, na kati ya hizo 131 hufa, zilezile, kwa wakati uleule, katika kila mnyoo. Kazi hiyo iliwapatia Sydney Brenner, Robert Horvitz na John Sulston Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Katika ubongo na uti wa mgongo, upunguzaji huu ni mkubwa zaidi. Katika sehemu nyingi za mfumo wa neva wa wanyama wenye uti wa mgongo, takribani nusu ya seli za neva zinazozaliwa hufa kabla mnyama hajakomaa. Haya si maradhi, ni ujenzi. Seli ya neva hurefusha mkono wake kuitafuta misuli au seli nyingine ya kuunganika nayo, na zinazofika ni nyingi kuliko nafasi zilizopo.

Nani huamua ipi ibaki na ipi iondoke? Jibu la kwanza lilipatikana kwa njia ambayo kila mwalimu aliyewahi kufundisha sayansi bila vifaa angependa kuisikia.

Rita Levi-Montalcini alizaliwa Turin, Italia, mwaka 1909, akasomea udaktari. Mwaka 1938 sheria za kibaguzi za utawala wa Mussolini ziliwafungia Wayahudi milango ya vyuo vikuu, naye akiwa Myahudi akapoteza nafasi yake. Hakuketi chini kulia. Aligeuza chumba chake cha kulala kuwa maabara, akatumia mayai ya kuku na vifaa alivyovipata, akawa anachunguza viinitete vya vifaranga. Vita vilipozidi na mabomu yakaangukia Turin, familia ilihamia mashambani, naye akahamisha maabara yake huko, akitafuta mayai kwa wakulima. Alitaka kujua kinachotokea kwa seli za neva kiinitete kinapokatwa chipukizi la mguu au bawa. Mtaalamu mwingine, Viktor Hamburger, alikuwa amefikiri kwamba seli hizo hazizaliwi ipasavyo. Levi-Montalcini aliona tofauti: seli zilizaliwa, zikaanza kukua, kisha zikafa kwa kukosa kitu kilichopaswa kutoka kwenye kiungo kilichokatwa.

Baada ya vita Hamburger mwenyewe alimwalika Marekani, katika Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis. Alifika mwaka 1947 kwa ziara fupi, akabaki miaka mingi. Huko alipandikiza uvimbe wa panya kwenye viinitete vya vifaranga, akaona nyuzi za neva zikiukimbilia uvimbe huo kama mizizi inayofuata maji. Mwaka 1953 mwanakemia Stanley Cohen alijiunga na maabara hiyo kukitafuta kitu kilichozivuta. Walikipata katika uvimbe, kisha kwa wingi zaidi katika sumu ya nyoka, na baadaye katika tezi za mate za panya. Ni mnyororo wa asidi amino, protini iliyopewa jina la kipengele cha ukuzaji wa neva, maarufu kwa herufi NGF. Ushahidi mzito ulikuja mwaka 1960: panya wachanga waliodungwa kingamwili za kuizuia NGF walipoteza karibu seli zote za kundi moja la neva. Kilipoondolewa kile kitu, seli ziliondoka. Cohen na Levi-Montalcini walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Mama huyo aliishi hadi mwisho wa mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 103.

Fundisho la kazi hiyo ni kwamba seli changa ya neva haibaki hai kwa sababu tu haikuuawa. Hubaki kwa sababu kila wakati kuna ujumbe unaoiambia ibaki. Ujumbe ukikatika, seli hufungua mlango wa kuondoka ambao ulikuwamo ndani yake tangu mwanzo.

Wajumbe wa namna hiyo wako wengi, na baadhi yao ni wadogo mno kuliko NGF. Hao ndio peptidi: minyororo mifupi ya asidi amino, kama shanga chache katika uzi. Ninayoipenda zaidi, kwa kuwa historia yake ni nyepesi kusimulia, inaitwa PACAP. Iligunduliwa mwaka 1989 katika maabara ya Akira Arimura mjini New Orleans, ikiwa imetolewa katika ubongo wa kondoo. Ina shanga 38, na pia ina umbo fupi la shanga 27. Ya kondoo, ya panya na ya binadamu ni ileile, shanga kwa shanga. Ujumbe ambao maumbile hayakuthubutu kuuhariri katika wanyama wanaotofautiana hivyo bila shaka ni ujumbe wenye uzito.

Watafiti wa Rouen, Ufaransa, waliichunguza PACAP katika ubongo mdogo, ile sehemu ya kisogoni inayosimamia ulinganifu wa mwendo. Walichukua seli za neva kutoka kwa panya wenye umri wa siku 8 na kuzikuza katika sahani za maabara. Zilipokatiwa lishe zilizoizoea, nyingi zilikufa. Zilipopewa PACAP, nyingi zilisalimika.

Je, shanga 38 zinamzuiaje mauti? Peptidi haiingii ndani ya seli. Hubisha hodi kwenye kipokezi kilichopo juu ya utando wa seli, na kipokezi hicho huamsha mjumbe mwingine wa ndani. Mjumbe huyo huamsha vimeng'enya, na vimeng'enya hupeleka amri hadi kwenye kiini. Mwisho wa msururu huo, mitokondria hulindwa zisivujishe kemikali inayotangaza kuondoka, na kimeng'enya kiitwacho kaspasi-3 huzuiwa. Kaspasi ndizo mikasi ya kazi hii. Zikiachiwa, hukatakata nguzo za seli kutoka ndani. Seli husinyaa, kiini chake hugawanyika vipande, na mwili wote hujifungasha katika vifurushi vidogo vinavyomezwa na seli jirani. Hakuna kupasuka, hakuna uvimbe, hakuna usaha. Jirani huondolewa na mtaa haushtuki.

Sasa turudi kwenye lugha, maana hapo ndipo palipo na ugomvi wangu.

Kwa muda mrefu tukio hili halikuwa na jina moja linalotambulika. Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walichapisha makala katika jarida la Uingereza la utafiti wa saratani, wakalipa jina la apoptosisi. Walikuwa wakifanya kazi Aberdeen, Uskoti, na hawakulibuni neno hilo peke yao. Walimwendea James Cormack, profesa wa Kigiriki katika chuo kikuu cha hapohapo. Naomba jambo hili lisitupite: wanapatholojia watatu walipokosa neno, walibisha hodi kwa mwalimu wa lugha. Naye aliwapa neno la Kigiriki lenye maana ya kuanguka kwa majani mtini au petali kwenye ua. Waandishi hao waliongeza hata maelezo ya matamshi, kwamba mkazo uwekwe kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu hapo, kwa kuwa huo ndio mkazo wetu wa kila siku.

Niliposoma habari hiyo nikiwa tayari nimestaafu, niliona haya. Mgiriki alitazama majani, na neno lake likaazimwa kusemea seli. Mimi ninayesema lugha yenye kitenzi kamili cha tukio hilohilo, nilitafuta wapi? Nilitafuta kwenye kujiua.

Tuyapime majina yaliyopo, moja baada ya jingine.

Kujiua kwa seli. Jina hili lina utetezi wake, nami sitaki kuuficha. Mwaka 1988, katika chuo kikuu kilekile cha St. Louis, watafiti walizinyima seli za neva NGF, na wakati huohuo wakazizuia zisitengeneze protini mpya. Seli hazikufa. Maana yake ni kwamba seli yenyewe hushiriki katika kuondoka kwake: inahitaji kutengeneza kitu ili iondoke. Mtetezi wa "kujiua" atasema, je, huko si kujiua? Nami nitajibu kwamba kiambishi -ji- katika lugha yetu kina mzigo. Mtu anayejiua amekata tamaa, na jamii inayobaki huuliza nani alikosea. Seli haina tamaa ya kukata. Ukimpa mama mjamzito kitenzi hicho, humpi maarifa, unampa msiba. Ushahidi ninao: ulitokea kwenye benchi la kliniki.

Kifo kilichopangwa cha seli. Jina hili ni sahihi zaidi, na ndilo ningelikubali kama lisingekuwapo bora. Kasoro yake ni mbili. Kwanza ni maelezo, si jina, haliwezi kunyambulishwa. Pili, msikilizaji wa Kiswahili akisikia "kimepangwa" huuliza papo hapo: na nani? Katika masikio yetu, kifo kilichopangwa ni njama au ni kudura, na hapa hakuna kimojawapo.

Apoptosisi. Sina ugomvi na mkopo. Kiswahili kimekopa tangu enzi za jahazi na hakijawahi kufilisika kwa kukopa. Mtaalamu akiandika ripoti, na atumie apoptosisi. Lakini neno hilo linapofika kliniki linafika bubu. Mgiriki alisikia majani yakianguka ndani yake. Mama wa kliniki hasikii kitu.

Mpukutiko. Tazameni jinsi linavyozaliwa bila kulazimishwa. Momonyoka huzaa mmomonyoko, na kila mtoto wa shule anaujua mmomonyoko wa udongo. Poromoka huzaa mporomoko, lipuka huzaa mlipuko. Basi pukutika huzaa mpukutiko, katika ngeli ileile na kwa kanuni ileile. Hakuna kamati inayohitajika kulifundisha taifa namna ya kulitamka.

Tena linafaa kwa maana. Majani hayaporomoki kwa mkupuo kama ukuta. Hupukutika, moja hapa, jingine pale, na mti unabaki umesimama. Seli nazo huondoka hivyohivyo, moja moja, katikati ya majirani walio hai. Seli zinazokufa kwa kuungua au kwa kukatikiwa damu ghafla hufa kwa makundi, hupasuka na kuacha uvimbe. Hicho ni kifo cha namna nyingine nacho kinastahili jina jingine.

Kuna ulingano wa ndani zaidi, nao ndio ulionishawishi kabisa. Wengi hudhani jani huangushwa na upepo. Sivyo. Mbuyu unapoelekea kiangazi, kwenye tako la kikonyo cha kila jani hukamilika tabaka jembamba la seli zinazoachana, na upepo humalizia tu kazi iliyokwisha fanyika. Kinachozuia tabaka hilo lisiachie ni homoni iitwayo auksini, inayotiririka kutoka kwenye jani kwenda kwenye kikonyo. Maadamu mtiririko unaendelea, jani linashikiliwa. Ukipungua, jani hupukutika. Yaani jani, kama seli ya neva, hubaki kwa sababu kuna ujumbe unaosema "baki". Mfano una mpaka wake, na mwalimu mwaminifu huutaja: ujumbe wa auksini hutoka kwenye jani lenyewe, ilhali NGF hutoka kwenye kiungo ambacho seli imekifikia. Hata hivyo kanuni ni moja, nayo ni kwamba kuondoka huanza pale ujumbe wa kubaki unapokatika.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni zito. Wasomaji wataniambia kwamba kupukutika hutumika pia kwa misiba: tulisema watu wamepukutika kwa ndui, kwa kipindupindu, na katika miaka tusiyopenda kuikumbuka, kwa UKIMWI. Je, si neno la kutisha kuliko lile nililolikataa? Ninajibu kwamba hapa ndipo neno linapotufaa zaidi, kwa kuwa Kiswahili kina minyambuliko, na minyambuliko yetu hufanya kazi ambayo Kigiriki cha maabara hakiifanyi.

Pukutika haimtaji mtendaji. Ni hali inayokifika kitu: majani yamepukutika, msimu umefika. Pukutisha inamtaja. Yupo aliyesababisha. Kwa herufi chache tu lugha inatenganisha mambo mawili ambayo mama wa kliniki alikuwa na haki ya kutenganishiwa: upunguzaji wa kawaida unaoujenga ubongo, na upotevu unaoletwa na kitu kutoka nje kabla ya msimu wake. Njia ndani ya seli ni moja, mikasi ni ileile, lakini la kwanza ni ujenzi na la pili ni hasara.

Hasara hiyo si ya kubuni. Mwaka 2000 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba pombe, ikiwafikia panya wachanga katika kipindi ambacho ubongo wao unaunganisha seli zake kwa kasi, husababisha mpukutiko ulioenea katika ubongo wa mbele, wa mamilioni ya seli. Kwa binadamu kipindi kinacholingana na hicho huanza katika miezi ya mwisho ya mimba na kuendelea baada ya kuzaliwa. Pombe huvuruga mazungumzo baina ya seli, na seli changa isiyosikia mazungumzo hufanya kama jani lisilopata auksini. Kwa Kiswahili sanifu tunaweza kusema: pombe hupukutisha seli za ubongo wa mtoto. Sentensi hiyo haimhukumu mtoto, wala haimwiti mama muuaji. Inamtaja mtendaji, yaani pombe, na mtendaji huyo anaweza kuachwa leo.

Na wale walinzi wetu, peptidi? Mwaka 2002 watafiti wa Rouen walionyesha kwamba PACAP huzikinga seli za ubongo mdogo wa panya, zikiwa katika sahani, dhidi ya mpukutiko unaoletwa na pombe. Mwaka mmoja kabla ya hapo, watafiti wengine walitumia peptidi fupi zaidi, moja ikiwa na asidi amino 8 tu, wakapunguza vifo vya viinitete vya panya ambao mama zao walipewa pombe. Ni habari njema kwa sayansi, lakini naomba isigeuzwe kuwa tangazo la biashara. Kilichofaulu katika sahani na katika panya si dawa ya mjamzito. Ile peptidi ya shanga 8 ilijaribiwa baadaye kwa watu wazima wenye ugonjwa mmoja wa ubongo unaoharibu mwendo na macho, na haikuwasaidia. Hakuna sindano wala kidonge cha peptidi ambacho mama anaweza kumeza ili aendelee na kikombe chake cha mbege. Kinga iliyopo ni kutokunywa, na aliyekunywa jana hafaidiki kwa kukata tamaa. Anafaidika kwa kuacha leo na kumwambia mkunga ukweli bila kuogopa.

Ndiyo maana nasema uteuzi wa istilahi si anasa ya wazee waliostaafu. Tumelea mazoea ya kudhani kwamba sayansi ikishafasiriwa, kwa neno lolote lile, kazi imekwisha. Mimi nilidhani hivyo kwa miaka mingi. Neno baya halikai kimya kamusini. Hutoka, hupanda daladala, hufika kliniki, humliza mtu asiye na kosa na kumchekesha aliyepaswa kuonywa. Neno zuri nalo husafiri vilevile.

Nawaomba basi wenzangu watatu. Mwalimu wa Biolojia: ukirudisha mlango ili ueleze kwa Kiswahili, usishike neno la kwanza linalokuja mdomoni, kama nilivyofanya mimi. Mshairi: istilahi ni kazi yako pia, kwa kuwa wewe ndiye unayejua uzito wa kiambishi -ji-. Na mwanasayansi wetu kijana: fanya kama wale watatu wa Aberdeen. Ukikosa neno, mtafute mwalimu wa lugha. Yuko hai bado, na simu yake iko wazi.

Mjukuu wangu alirudi kliniki wiki iliyofuata, akaomba arudie somo. Aliwaambia akina mama kwamba ubongo wa mtoto ni kama mti unaoota, kwamba una majani mengi kuliko utakayoyahitaji na baadhi hupukutika kwa msimu wake, lakini pombe huyapukutisha kabla ya msimu, na yaliyopukutishwa hayachipui tena kama ya mbuyu. Nilimuuliza kama yule mama wa benchi la mbele alikuwapo. Alikuwapo. Hakulia. Aliuliza swali moja tu, kwamba akiacha sasa, majani yaliyobaki yatashika? Mjukuu wangu alimjibu kwamba yaliyobaki ndiyo ya kulindwa.

Kwa kuwa huu ni ukumbi wa washairi, siwezi kuondoka mikono mitupu. Pokeeni beti mbili za mwalimu mstaafu:

Seli changa hazidaki, uhai pasi kupewa,
Huja ujumbe wa haki, mlangoni hupokewa,
Ukikoma hazibaki, moja moja hutolewa,
Jani halipukutiki, lingali lashikiliwa.

Pombe haina rafiki, kwa mwana kabla kuzawa,
Hupukutisha lukuki, msimu haujakuwa,
Aambiwe bila dhiki, kwa lugha anayojuwa,
Jani halipukutiki, lingali lashikiliwa.

Mwenye neno bora kuliko mpukutiko na alilete, nami nitalipokea kwa mikono miwili. Lakini lile la kujiua, tafadhali, tuliache.